Amana Iliyomo Mikononi mwa Mtoto

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyewajaalia watoto kuwa pambo la maisha ya dunia na papo hapo kuwa mtihani kwa wazazi wao. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake na kila mwenye kuufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Leo twataka kulizungumza jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo mno, lisilostahili kupandishwa juu ya mimbari. Jambo lenyewe ni vitu vya kuchezea vya watoto wetu, na hasa vile ambavyo mtoto amekwisha kuvipita kwa umri wake: mwanasesere asiyebebwa tena, gari la waya lililosimama pembeni mwa ukuta, mpira wa migomba uliolegea, pia isiyozungushwa. Mzazi hutazama akaona ni takataka. Husubiri mtoto aende shule au alale usingizi, kisha akavikusanya kimyakimya; vingine huvitia motoni, vingine huvitupa shimoni, na vingine huwapa watu. Mtoto akija kuuliza, huambiwa havijulikani vilipo.

Basi twauliza: Je, vitu hivyo vilikuwa vya nani? Je, maneno aliyoambiwa mtoto yalikuwa ya kweli? Na je, kuna njia iliyo bora kuliko hiyo? Haya matatu ndiyo tutakayoyaeleza, kwa uwezo wake Mwenyezi Mungu.

Tuchukue mfano wa nyumba moja huko Heru Juu, katika nyanda za juu za Kasulu, nasi twaileta bila ya jina kwa kuwa nyumba za namna hiyo ni nyingi, kuanzia Kibondo hadi Ujiji na kwingineko. Katika nyumba hiyo mna mtoto wa kiume wa miaka tisa. Alipokuwa na miaka mitano babu yake alimtengenezea gari la waya. Babu aliukunja waya kwa mikono yake, akakata magurudumu manne katika soli ya kandambili zake zilizochakaa, akatia fimbo ndefu ya kuliendeshea. Mtoto aliliendesha gari lile njia nzima ya kisimani na ya shambani. Miaka ikapita, mtoto akaingia shule, akajua kucheza mpira na wenziwe, na gari likabaki nyuma ya mlango. Babu naye akafikwa na ajali yake, akazikwa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Siku chache kabla ya Idi mama alikuwa akisafisha nyumba. Mdogo wake aliyeolewa Makere alikuja kumtazama, akiwa na mtoto wa miaka minne. Mama akaliona lile gari, akampa yule mdogo. Nia yake ilikuwa njema, wala hakuna mwenye kulaumu ukarimu. Lakini mtoto aliporudi shule na kuuliza, mama alimjibu, ‘Mwanangu, sijaliona, labda umelisahau huko unakocheza.’ Mtoto alilitafuta siku mbili, kisha akanyamaza.

Idi ilipofika wakaenda Makere kuwaamkia jamaa. Pale uani mtoto akalikuta gari lake mikononi mwa ndugu yake mdogo. Aliyajua magurudumu yale, kwa kuwa moja lilikuwa na alama ya kisu cha babu. Hakulia, wala hakunyang'anya. Alimtazama mama yake, na mama akatazama kando.

Miezi michache baadaye mama alimtuma dukani. Mtoto alirudi bila ya chenji. Alipoulizwa akasema hajui ilipo, labda imedondoka njiani. Mama alijua kwamba si kweli, akakasirika, akainua mkono amchape. Kisha ukamjia mawazoni uongo wake mwenyewe wa gari la waya. Mkono ukashuka wenyewe.

Ndugu Waislamu, hapo ndipo ulipo uzito wa jambo letu. Gari lenyewe ni waya na raba tu. Lakini ndani ya nyumba ile kumepotea kitu kisichouzwa dukani, nacho ni uaminifu baina ya mzazi na mwanawe.

Jambo la kwanza tuliangalie ni kuchezea kwenyewe. Wako wazazi wanaodhani kwamba mchezo wa mtoto ni upuuzi, na kwa hivyo chombo cha mchezo hakina heshima. Dhana hii haiafikiani na mwendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akichezea wanasesere nyumbani kwa Mtume, na wenzake wakija kucheza naye walikuwa wakijificha kwa haya Mtume aingiapo, naye akiwarudisha kwake ili waendelee kucheza. Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba siku moja upepo ulilifunua pazia, Mtume akaona miongoni mwa wanasesere wale farasi aliyefanyiwa mbawa mbili za vitambaa. Akamuuliza Bibi Aisha vipi farasi awe na mbawa. Naye akamjibu kwa kumkumbusha habari za farasi wa Nabii Sulayman wenye mbawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Basi aliyebeba ujumbe wa Mwenyezi Mungu kwa walimwengu wote alipata nafasi ya kukitazama kichezeo na kumuuliza mwenye nacho habari zake.

Vile vile imepokewa kutoka kwa Bibi Rubayyi bint Muawwidh (R.A.) kwamba walipokuwa wakiwafundisha watoto wao kufunga siku ya Ashura, waliwatengenezea vichezeo vya sufi, na mtoto akililia chakula walimpa kichezeo kile kimliwaze mpaka wakati wa kufuturu. Hapa twaona kichezeo kikitumiwa kuwa msaidizi wa ibada. Na katika Sura ya Yusuf, aya ya 12, ndugu zake Yusuf walimwomba baba yao ampeleke mwanawe akafurahi na kucheza, na Nabii Yakub (A.S.) hakuukataa mchezo, bali alichokihofia ni usalama wa mtoto.

Hata sheria ya nchi yetu imeliona jambo hili. Mkataba wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu chake cha 31, umeitaja haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikayahesabu mapumziko na michezo katika mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto wake pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu.

Jambo la pili ni milki. Wengi wetu husema, ‘Mtoto ni wangu, na kila alichonacho ni changu.’ Maneno haya yanahitaji kupimwa. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amewaamrisha walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona wamepata akili ya kutunza mali wawakabidhi mali zao; na amewakataza kuzila kwa fujo na kwa haraka kabla hawajakua. Aya imeshuka kwa ajili ya mayatima, lakini inatujulisha asili iliyo pana: ya kwamba mtoto mdogo anaweza kumiliki mali, na kwamba yule mkubwa aliye juu yake ni mlezi wa mali hiyo, naye ataulizwa.

Wanazuoni wamefafanua hivi. Kitu alichopewa mtoto na mtu mwingine, kama vile babu, shangazi au rafiki wa baba, kikiwa ni zawadi kamili, huwa ni mali ya mtoto. Mzazi hukipokea na kukitunza kwa niaba yake, wala hana ruhusa ya kukitoa bure kwa mtu mwingine, hata kwa jina la sadaka, kwani sadaka hutolewa katika mali ya mtu mwenyewe. Ama kitu ambacho mzazi mwenyewe amempa mwanawe, ipo hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi inayokataza mtu kuirejea zawadi aliyoitoa, isipokuwa mzazi kwa kile alichompa mtoto wake. Kwa hadithi hiyo wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu na bara yetu, wamemruhusu mzazi kukirejea maadamu bado kimo katika milki ya mtoto. Na vitu ambavyo mzazi amevinunua viwe vya nyumba, watoto wote wavichezee kwa zamu, hivyo vimebaki kuwa vyake.

Tukirudi kwenye nyumba yetu ya Heru Juu, gari lile lilitoka kwa babu. Lilikuwa mali ya mtoto, na mama alikuwa mtunzaji tu. Basi ni jambo jema mzazi aibainishe nia yake tangu siku ya kutoa: aseme kama kitu hiki ni chako, au ni cha nyumba. Na kikiwa ni cha mtoto, kisha ikaonekana maslahi ya kukiondoa, alipwe badali yake, kama vile daftari, kalamu au kanzu ya kwendea chuoni, ili haki yake isipotee.

Wala tusidharau udogo wa haki yake. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Sahl bin Saad (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji, na kuliani kwake alikuwapo kijana mdogo, na kushotoni wazee. Aliyeko kulia ndiye mwenye haki ya kuanza. Mtume hakumpita yule kijana kwa udogo wake, bali alimwomba idhini awape wazee kwanza. Kijana akakataa, hakutaka kumwachia yeyote fungu lake litokalo kwa Mtume. Na Mtume akakitia chombo mkononi mwake. Tafakarini, enyi wazazi: mtoto ameombwa idhini mbele ya wazee, akakataa, na hakukemewa.

Jambo la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, ni ukweli. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Amir (R.A.) kwamba mama yake alimwita yeye akiwa mdogo, akimwambia aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) alikuwa amekaa nyumbani kwao. Mtume akamuuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akajibu, tende. Mtume akamfahamisha kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Ndugu zetu, ikiwa ahadi ya tende moja kwa mtoto yaandikwa, je, kumwambia mtoto kwamba kitu chake kimepotea, hali wewe ndiye uliyekitoa kwa mkono wako, hakutaandikwa?

Hapa hapana budi tupambanue, tusije tukawatwika wazazi mzigo usio wao. Kunyamaza si sawa na kusema uongo. Mama aliyekiondoa kitu cha mtoto mchanga ambacho mtoto hakikumbuki, na hakuna aliyemuuliza, hakusema uongo wowote. Wala hatusemi kwamba kila kijiti na kila kizibo cha chupa kikutwacho sakafuni kifanyiwe baraza. Nyumba zetu nyingi zina vyumba viwili au vitatu, na watu ndani yake ni wengi. Mama ana haki ya kupata pa kutandika mkeka. Tunalolikataza ni kuchukua kwa siri kile ambacho mtoto bado ana moyo nacho, na kisha kukifunika kwa uongo pale aulizapo. Mtoto akiuliza, ajibiwe kweli.

Huenda mtu akasema, ‘Lakini hakichezei tena, basi chamuuma nini?’ Jibu ni kwamba mtoto huweza kuacha kukichezea kitu bila ya kuacha kukipenda. Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, katika makala aliyoitoa mwaka 1953, alieleza jinsi mtoto mdogo anavyoshikamana na kitu kimoja, kama kipande cha nguo au mwanasesere, kikamtuliza anapokuwa mbali na mama yake. Alieleza kwamba mtoto akiachwa akue kwa utaratibu, kitu hicho hakihitaji kunyang'anywa: hupungua maana yake pole pole, kikawekwa kando bila ya maombolezo. Na mwaka 2008 wataalamu wawili, Bruce Hood na Paul Bloom, walitangaza habari za jaribio walilowafanyia watoto wa miaka mitatu hadi sita. Waliwaonyesha mashine ambayo watoto waliamini kuwa yaweza kufanya nakala ya kitu chochote iliyo sawasawa na kitu chenyewe. Walipoambiwa wakitie kitu chao wanacholala nacho, baadhi yao walikataa kabisa. Na katika waliokubali, wengi walitaka warudishiwe kile chao cha asili, si nakala. Basi mzazi anayetupa mwanasesere wa zamani na kununua mpya unaofanana nao, akidhani amemaliza kazi, hajauelewa moyo wa mtoto.

Nasi watu wazima hatuna budi kulifahamu hili, kwani tumeumbwa hivyo hivyo. Watu wa Buha wa zamani, waliofuga ng'ombe wa pembe ndefu, hawakumhesabu ng'ombe kwa nyama yake tu. Ng'ombe aliyetolewa kwa mtu alikuwa ni kifungo baina ya watu wawili. Watoto wao walifinyanga ng'ombe wa udongo, nao wakawachunga uani kama baba zao walivyochunga bondeni. Baba zetu waliokwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, walirudi na blanketi au taa, na kitu hicho kikawekwa ndani ya nyumba miaka mingi hata baada ya kuchakaa, kwa kuwa kilikuwa na jasho la safari. Na wale waliohamishwa kutoka maboma yao yaliyotawanyika na kupelekwa katika vijiji vya pamoja wakati wa Operesheni Kigoma, mwaka 1972, wanajua namna moyo unavyokuwa pale uamuzi juu ya vitu vyako unapofanywa na mwingine. Ikiwa mtu mzima huona uchungu, mtoto mwenye vitu vitatu tu duniani ataona vipi?

Mtume wetu (S.A.W.) aliyajua haya. Alikuwapo mtoto mdogo akiitwa Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik (R.A.), naye alikuwa na kijindege akichezea. Kijindege kikafa. Mtume alipomwona mtoto ana huzuni hakumwambia kwamba ni ndege tu, wala hakumwambia atapata mwingine. Alimwita kwa jina la heshima, akamuuliza habari za kijindege chake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na wanazuoni wametoa mafunzo mengi kutokana nayo. Sisi twachukua moja: huzuni ya mtoto yastahili kuulizwa.

Sasa, ndugu zetu, tutafanya nini? Maana nyumba haiwezi kuwa ghala, na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Israa, aya ya 26 na 27, ametukataza kufuja mali, akawafanya wafujaji kuwa ni ndugu wa mashetani. Kurundika kitu kisichotumika, huku mtoto wa jirani hana, nako si kwema. Basi tunashauri mwendo huu.

Kwanza, mzazi azungumze na mtoto kabla ya kugusa kitu. Katika Sura ya Saffat, aya ya 102, Nabii Ibrahim (A.S.) alipooneshwa katika ndoto kwamba amchinje mwanawe, alimweleza mwanawe jambo lile na akamtaka atoe maoni yake. Nabii ameshauriana na mwanawe katika jambo lililo kubwa kabisa, na amri yenyewe imetoka kwa Mola wake. Basi je, mzazi atashindwa kushauriana katika gari la waya?

Pili, apewe muda. Vitu vilivyoachwa vitiwe katika kikapu au sanduku, naye ajue vilipo. Mwezi ukipita hajaviulizia, aulizwe tena kwa upole. Mara nyingi mtoto mwenyewe atasema, ‘Hivi sasa ni vya wadogo.’ Na kama kuna kimoja anachokishikilia, aachiwe. Kimoja hakijazi nyumba.

Tatu, mtoto afundishwe kutoa, na mkono wake ndio utoe. Katika Sura ya Aali Imran, aya ya 92, tumefahamishwa kwamba hatutaufikia wema kamili mpaka tutoe katika vile tuvipendavyo. Mtoto akikitoa kwa mkono wake kile alichokuwa akikipenda, amejifunza aya hiyo. Kikichukuliwa kwa siri, hakujifunza kutoa, amejifunza kuficha. Lau yule mama wa Heru Juu angemwambia mwanawe kwamba mdogo wake wa Makere hana kitu cha kuchezea, na kwamba yeye aliyelijua gari la babu ndiye afaaye kumfundisha kuliendesha, pengine siku ya Idi ingekuwa na furaha mbili.

Nne, kinachotolewa kiwe kizima na kisafi. Katika Sura ya Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Katika mkoa wetu wa Kigoma hawakosekani wa kupewa. Tangu mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu kwa ajili ya ndugu waliokimbia vita vya Kongo, na tena mwaka 2015 walipomiminika ndugu wa Burundi, tumewaona watoto waliovuka mpaka wakiwa na nguo walizovaa tu. Mtu anayekimbia vita humshika mtoto mkono na kujitwika sufuria. Mwanasesere huachwa nyuma. Mwanasesere mmoja aliyeoshwa na kushonwa vizuri ni sadaka, awe mpewa ni Muislamu au si Muislamu, kwani yatima na mkimbizi hawaulizwi dini kabla ya kuhurumiwa.

Tano, mzazi afanye uadilifu baina ya watoto. Mtume (S.A.W.) alipojulishwa na baba yake Nuuman bin Bashir kwamba amempa zawadi mwanawe mmoja na wengine hakuwapa, alimkataza, akamwamuru kumcha Mwenyezi Mungu na kuwafanyia watoto uadilifu. Basi tusimnyang'anye mkubwa kila siku ili kumnyamazisha mdogo alizaye, kwani kwa kufanya hivyo twapanda uadui baina ya ndugu.

Sita, yako mambo ambayo hayangojei mashauri. Kichezeo chenye waya uliochomoza, au chenye betri ndogo ya duara inayoweza kumezwa, kiondolewe mara moja; betri ya namna hiyo ikikwama kooni huunguza koo kwa muda wa saa mbili tu, na mtoto aliyeimeza apelekwe hospitali bila ya kuchelewa. Lakini hata hapo mtoto aambiwe kwamba kimeondolewa, na kwa sababu gani. Na midoli ya plastiki iliyovunjika isichomwe jikoni wala uani, kwani moshi wake una sumu. Ikusanywe na kupelekwa panapowekwa taka, mbali na visima na mito yetu.

Saba, aliyekwisha kukosea asikate tamaa. Toba ya haki ya mja haikamiliki mpaka haki hiyo irudishwe au mwenyewe asamehe, na mtoto naye ni mja. Mzazi amwite mwanawe, amwambie kweli, amtake radhi, na ampe badali. Wako wanaoogopa kwamba kwa kufanya hivyo heshima yao itashuka. Sivyo. Mtoto aliyemsikia mama yake akikiri kosa amepata somo ambalo hakuna mwalimu awezaye kulifundisha ubaoni.

Na yule mama wa mfano wetu, baada ya mkono wake kushuka, alifanya hivyo hivyo. Alimkalisha mtoto jamvini, akamweleza habari ya gari toka mwanzo mpaka mwisho, akamwambia, ‘Mwanangu, nilikudanganya, nisamehe.’ Mtoto alinyamaza kitambo. Kisha akatia mkono mfukoni, akaitoa chenji ya watu, akaiweka juu ya jamvi. Gari halikurudi kutoka Makere, kwa kuwa mtoto mwenyewe alisema yule mdogo aachiwe. Aliomba kitu kimoja tu: kwamba likivunjika lisitupwe, bali aletewe lile gurudumu lenye alama ya kisu.

Ndugu Waislamu, wahenga wetu wamesema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukiwalea kwa siri na uongo katika vitu vidogo, tusistaajabu wakitulipa siri na uongo katika vikubwa. Na tukiziheshimu amana zao ndogo za leo, za waya na vitambaa na udongo, tutakuwa tumewafundisha kuziheshimu amana za watu watakapokuwa mahakimu, wenye maduka, watunza fedha na wazazi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli majumbani mwetu kama tupendavyo kuonekana wakweli misikitini mwetu. Awahifadhi watoto wetu, awarehemu babu zetu waliotangulia, na awape nyumba na amani watoto waliokimbia makwao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.